Nani Anacheka, Nani Anachekwa? Maoni ya Mtahini Kuhusu Ucheshi katika Kigogo

Kuna jibu moja ambalo nimelisoma katika karatasi za watahiniwa mara nyingi hata naweza kuliandika nikiwa nimefumba macho. Mtahiniwa ameulizwa kuhusu mbinu za uandishi katika tamthilia. Ametaja tashbihi, ametaja istiara, ametaja takriri, kisha amefika kwa ucheshi na kuandika kwamba mwandishi ametumia ucheshi ili kumfurahisha msomaji asichoke. Anaweka nukta. Anahamia hoja nyingine. Mimi nami naweka kalamu chini kidogo, kwa sababu najua mtoto huyu alicheka. Tamthilia iliposomwa darasani kwa sauti, wahusika wakigawanywa, huyu akipewa Majoka na yule Boza, alicheka mpaka akagonga dawati. Kuna kitu alikielewa. Halafu alipoketi mbele ya Karatasi ya Tatu akaandika kama mtu aliye matangani.

Hapo alama hupotea, na si kwa sababu ya Kiswahili kibovu. Hupotea kwa sababu mwanafunzi amefunzwa kwamba ucheshi ni kachumbari, kitu cha pembeni ya sahani, na kwamba chakula chenyewe ni maudhui: uongozi mbaya, ufisadi, nafasi ya mwanamke. Mimi sikubaliani na mafunzo hayo. Katika Kigogo ya Pauline Kea, mahali pengi ambapo unacheka ndipo mwandishi anapokuambia jambo zito zaidi, na ukipaita mahali hapo "pa kufurahisha msomaji" umelitupa jibu nje ya dirisha.

Swali la kuuliza ni fupi. Nani anacheka, na nani anachekwa? Ukishalijibu, jiulize kicheko hicho kinamfaa nani. Basi.

Huku kwetu Webuye jambo hili hata mtoto wa darasa la nne analijua, ila hajaambiwa kwamba ni fasihi. Mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawika kwa mbili, Wabukusu wanapopeleka wavulana jandoni, nyimbo za usiku humkejeli mtahiriwa. Mwoga anadhihakiwa kwa maneno ambayo siku nyingine yangeleta ugomvi. Akienda kwa mjomba wake kabla ya siku yenyewe, mjomba naye anaweza kumkaripia mbele ya watu kana kwamba hampendi. Umati unacheka. Anayechekwa ni mvulana, lakini kicheko kile kinamshika mkono: kinamwambia kwamba asubuhi asimame wima. Sasa chukua maneno yaleyale uyape mpita njia asiye wa ukoo, ayaseme sokoni mchana. Hayo ni matusi. Maneno hayakubadilika. Kilichobadilika ni nani anasema, kwa nani, mbele ya nani, na kwa faida ya nani. Ukitazama vizuri utaona kwamba hayo ni karibu yaleyale tunayokuuliza katika muktadha wa dondoo: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Ajabu ni kwamba mwanafunzi hujibu sehemu ya muktadha barabara, kisha akifika kwenye ucheshi anasahau kuutumia.

Nitakupeleka mbali kidogo, Athens ya Wagiriki wa kale, halafu tutarudi Sagamoyo. Hutaulizwa kuhusu Wagiriki katika mtihani wa Kiswahili, kwa hivyo usihangaike kukariri. Ninawaleta kwa sababu futuhi, ile tamthilia ya kuchekesha, ina wazee wake huko, na mzee mmojawapo aliandika mchezo unaofanana na Kigogo hadi kwenye keki.

Jina lake ni Aristophanes. Mwaka wa 424 KK alishindanisha mchezo uitwao Wapanda Farasi katika tamasha la mungu Dionysus, akapata nafasi ya kwanza. Wakati huo mwanasiasa mwenye sauti kubwa kuliko wote Athens alikuwa Cleon, ambaye ukoo wake ulikuwa na biashara ya ngozi. Aristophanes alimweka jukwaani kama mtumwa mpya katika nyumba ya mzee mmoja. Mzee huyo ni mkali, husikia nusunusu, hupenda kusifiwa, na jina lake ni Demos, maana yake Umma. Mtumwa mpya amemjua mzee upesi. Anamsifu, anamkanda, anamlisha, na wakati huohuo anawachongea watumwa wenzake wapigwe. Nyumba nzima ni nchi, na kila mtu aliyeketi katika ukumbi ule alijua hivyo.

Tazama majina kwanza. Demos ni Umma. Katika mchezo mwingine wa mwandishi huyohuyo kuna mzee aitwaye Mpenda-Cleon na mwanawe Mchukia-Cleon. Mwanamke anayewaongoza wenzake kukomesha vita katika mchezo mwingine tena anaitwa Lysistrata, yaani mvunja majeshi. Sasa rudi kwa Pauline Kea. Mtawala ni Majoka. Mshauri wake ni Kenga, na kukenga ni kudanganya. Muuza pombe ni Mamapima. Mji ni Sagamoyo, soko ni Chapakazi, na soko hilo la wachapa kazi ndilo lililofungwa. Kila mwaka wanafunzi huandika kwamba haya ni "majazi" na kusonga mbele. Ni majazi kweli, lakini cheka kidogo kabla ya kuandika. Mtu anayeitwa Majoka anaongoza watu na wao wanamwita hivyo kila siku, na hakuna anayeshtuka. Jina linapiga kelele, wenye mji hawasikii, wewe uliye nje unasikia. Kicheko chako hapo kinatokana na kwamba unajua jambo ambalo wahusika wamelizoea. Sentensi hiyo moja ya ziada ndiyo inayotenganisha jibu la mtu aliyesoma tamthilia na jibu la mtu aliyesoma mwongozo peke yake. (Ndiyo, najua unayoshika sasa hivi ni mwongozo. Ukimaliza ukurasa huu, rudi kwenye tamthilia.)

Sasa keki.

Katika Wapanda Farasi, mtumwa mmoja mkongwe analalamika kwamba aliikanda keki yake kule Pylos, yule mtumwa mpya akapita mbio, akainyakua na kumwandalia mzee kana kwamba ameioka yeye. Watazamaji walianguka kwa kicheko, kwa sababu mwaka mmoja tu kabla yake, 425 KK, jemadari aitwaye Demosthenes alikuwa amewazingira askari wa Sparta huko Pylos, kazi ikakaribia kuisha, Cleon akafika mwishoni akarudi mjini na mateka na sifa zote. Vita vizima vimegeuzwa keki. Hakuna hotuba. Hakuna mhusika anayesimama na kusema, "Viongozi hujitwalia jasho la wengine." Kuna unga, kuna mikono iliyokanda, na kuna mtu mwingine anayeleta sahani.

Mchezo unaendelea. Yule mtumwa mpya anapata mshindani: muuza soseji wa barabarani. Mfikirie yule anayeuza mutura jioni karibu na steji, moshi ukimfunika uso, huyo ndiye. Wanamshindania mzee kwa vyakula, huyu akileta hiki, yule akileta kile. Mwisho mzee anashindwa kuamua, akaambiwa afungue vikapu vyao viwili atazame ndani. Cha muuza soseji ni kitupu, maana amempa mzee kila alichokuwa nacho. Cha mtumwa mpya kimejaa, na ndani yake kuna keki kubwa ajabu. Mzee anakumbuka kipande alichokatiwa kutoka kwa keki hiyo. Kilikuwa kidogo hivi.

Hapo ndipo mzee anapozinduka, na ninaposoma mahali hapo huwa nacheka na kukasirika kwa pamoja. Hakuzinduliwa na hoja. Alizinduliwa na ukubwa wa keki moja ukilinganishwa na kipande chake.

Sasa fungua onyesho la kwanza la Kigogo. Sudi, Boza na Kombe wako kazini, wanachonga vinyago kwa ajili ya sherehe. Sagamoyo inaadhimisha miaka 60 ya uhuru, na Majoka ametangaza mwezi mzima wa kusherehekea. Kenga anafika na keki ya uhuru. Boza na Kombe wanakula. Sudi anakataa, kwake yeye hayo ni makombo. Boza anaona mwenzake ana kiburi. Na kuna chumvi zaidi katika kidonda, kwa kuwa kandarasi ya kuoka keki ilimwendea Asiya, ndiye Mamapima, mkewe Boza, na njia aliyoipatia kandarasi hiyo kupitia Ngurumo si ya kusimuliwa mbele ya mwenye mke. Boza anatafuna kwa furaha.

Wanafunzi wangu humcheka Boza hapa, na wana haki. Lakini wengi huishia hapo: Boza ni mjinga, anachekesha. Uliza swali letu. Nani anacheka? Sisi. Nani anachekwa? Boza kwa nje. Lakini nani aliyekata keki hiyo, akala kwanza, akatuma kipande? Huyo hayuko jukwaani. Umma wa Sagamoyo umepewa baada ya miaka 60 kipande cha keki, na wanaokipokea wanashukuru. Kicheko kinaanza kwa Boza, kinamrukia Kenga aliyeileta, kisha kinatua kwa mtu aliyeketi ofisini. Na kabla hakijakwisha kinatugusa sisi tunaosoma, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kukubali fulana, leso au nusu kilo ya sukari wakati wa kampeni akaona amepata.

Tofauti na ile ya Kigiriki nayo ni ya kuangaliwa. Mzee Demos alionyeshwa keki nzima, akapima kipande chake, akajua. Boza haonyeshwi keki nzima. Hakuna anayemfungulia kikapu. Sudi peke yake ndiye anayeiona keki nzima kichwani, na ndiyo maana hawezi kumeza. Aristophanes alimpa Umma macho kabla mchezo haujakwisha; Kea anawaacha watu wake wakitafuna kwa muda mrefu, na tamthilia yote ni safari ya kutoka kwenye kipande hadi kwenye keki. Naona Kea amekuwa mkali zaidi, na mkweli zaidi kwa hali yetu.

Kama ningekuwa mtahiniwa nikiwa na dakika tatu za kuandika hoja hii, ningeandika hivi: "Boza anafurahia keki ya uhuru inayoletwa na Kenga ilhali Sudi anaiona kuwa makombo. Ucheshi huu unamlenga Boza asiyejua anadhihakiwa, lakini unawakejeli zaidi viongozi wanaowapa raia mabaki na kuyaita matunda ya uhuru. Pia unadhihirisha jinsi raia wanavyoshiriki katika kudhulumiwa kwao kwa kushukuru kidogo." Sentensi tatu. Zina tukio, zina mlengwa, zina athari. Hutaniona nikiweka kalamu chini kwa huzuni.

Si kila kicheko kinaelekea juu kwa wenye nguvu, na hapa ndipo wanafunzi wazuri pia huteleza. Nenda Mangweni, kwa Mamapima. Tunu na Sudi wanaingia kilabuni kuwahamasisha watu. Walevi wanawacheka. Ngurumo ndiye mwenye ulimi mrefu kuliko wote; kwake yeye tangu soko lifungwe maisha yamekuwa raha tupu. Soma sehemu hiyo kwa sauti darasani mvua ya saa tisa ikipiga mabati, utaona darasa zima likicheka pamoja na Ngurumo, maana mlevi jukwaani huchekesha daima. Halafu msimamishe msomaji umuulize: sasa hivi umecheka ukiwa upande wa nani?

Kimya.

Umecheka ukiwa upande wa Majoka. Ngurumo hana cheo wala mali, lakini kicheko chake ni askari asiyelipwa wa mtawala. Kinamfanya Tunu aonekane kichekesho, na mtu aliyeonekana kichekesho hahitaji kujibiwa. Nadhani Kea alituwekea mtego hapa makusudi. Anatuchekesha na walevi kwanza ili baadaye, Ngurumo anapouawa na chatu akitoka Mangweni, tukumbuke tulicheka naye. Chatu ni joka. Aliyemsifia Majoka ameliwa na majoka. Huo ni ucheshi mchungu, unaokwama kooni, na mtahiniwa anayeweza kuunganisha kicheko cha Mangweni na kifo hicho amesoma tamthilia kama mchongaji anavyosoma gogo.

Wagiriki pia waliliona hili. Mwaka wa 423 KK Aristophanes alimleta jukwaani mwanafalsafa Socrates akining'inia kwenye kikapu hewani, akichunguza jua, mtu wa kuchekwa tu. Mchezo wenyewe haukushinda. Lakini Socrates aliposhtakiwa na kuuawa mwaka wa 399 KK, Plato anatuonyesha akiwaambia mahakimu kwamba wamekua wakisikia uvumi juu yake, na kwamba mchezo ule wa kuchekesha ulikuwa sehemu ya uvumi huo. Mwandishi alewaye sifa za umati anaweza kumcheka mtu asiyestahili. Kwa hiyo usiandike kamwe kwamba ucheshi "hufunza" kana kwamba hufunza mema tu.

Nina kisa cha karibu zaidi na nyumbani. Francis Imbuga, aliyezaliwa Maragoli, aliandika Betrayal in the City mwaka wa 1976, tamthilia ya Kiingereza ambayo nayo iliwahi kutahiniwa katika shule zetu. Mhusika Mulili ni askari mwenye elimu ndogo, jamaa ya mtawala, na Kiingereza chake kinavunjika kila anapofungua mdomo. Hata misemo anaigeuza miguu juu, nyoka akawa mahali pa nyasi. Ukumbi hucheka. Nilipokuwa mwanafunzi nilimwiga Mulili mpaka nikaitwa jina lake. Nilichukua miaka kuelewa kwamba anayetuchekesha kwa sarufi ndiye anayesababisha mauaji kwa sababu ya zabuni ya maziwa. Imbuga alitufanya tumdharau mtu tuliyepaswa kumwogopa. Kisha mwishoni, mchezo ndani ya mchezo unapofanyiwa mazoezi mbele ya mtawala, bunduki za maigizo zinageuka kuwa bunduki za kweli, na Mulili akitakiwa aseme juu ya jamaa yake aliyemlea, anamkana papo hapo. Unacheka kwa jinsi alivyogeuka haraka. Kicheko kile hakidumu hata nusu dakika.

Kuna mahali pamoja katika Kigogo ambapo sikubaliani na wenzangu wengi, na nitasema wazi ili na wewe uwe na uhuru wa kunikosoa. Ni pale Ashua, akisukumwa na njaa ya watoto, anaenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada. Majoka anaanza kumtongoza. Husda, mkewe, anawafumania, na wanawake wawili wanavamiana kwa maneno na mikono. Miongozo mingi huliorodhesha tukio hili chini ya ucheshi: wake wanagombana, inachekesha. Darasani nako hucheka wavulana kwanza, wasichana baadaye na kwa shingo upande.

Mimi nasema usicheke haraka. Chanzo cha ugomvi ni mwanamume, na yeye ndiye mtazamaji. Anakaa pembeni ya fujo aliyoitengeneza, na fujo hiyohiyo inampa kisingizio: Ashua anaishia korokoroni, na Sudi anapata sababu mpya ya kulazimishwa kuchonga. Tukilicheka tukio hili kama vita vya wivu wa wanawake, tumekaa kwenye kiti cha Majoka na kulitazama kwa macho yake. Mwalimu mwenzangu, ambaye ni msomaji mzuri kuliko mimi, anasema nakuza mambo, kwamba Husda amechorwa achekwe kwa majivuno yake na kwamba ofisi ya mtawala ikigeuka uwanja wa masumbwi ni dhihaka kwa ofisi yenyewe. Hoja yake ina uzito. Majoka anayejiona simba hawezi kutuliza chumba kimoja. Nikisahihisha, majibu yote mawili nitayapa alama, mradi mtahiniwa amesema nani anachekwa na kwa nini. Asiyepata ni yule aliyeandika "inachekesha" akaishia hapo.

Hili linaonekana kuwa jambo la alama tu. Si hivyo, na wenye mamlaka wanalijua kuliko watahiniwa. Baada ya mchezo wake wa mwaka wa 426 KK, Aristophanes alipelekwa na Cleon mbele ya Baraza la Athens kwa kosa la kuuaibisha mji mbele ya wageni. Katika Wapanda Farasi mwenyewe anatania kwamba watengeneza barakoa wameogopa kuchonga sura ya Cleon. Hapa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, kikundi cha Redykyulass kilipomwiga Rais Moi kwenye televisheni, wazazi wetu walipunguza sauti ya runinga kwanza, ndipo wakacheka. Na mwaka wa 2013, shule ya Butere, hapo jirani, ilipoandaa mchezo wa kejeli Shackles of Doom, ulizuiwa kuingia tamasha la kitaifa mpaka Mahakama Kuu ilipouruhusu. Mchezo wa wasichana wa shule! Ungekuwa kachumbari tu, nani angehangaika kuupeleka mahakamani?

Hata hivyo, sitaki uandike kwamba kicheko huangusha serikali. Ukumbi uliompa Aristophanes ushindi kwa kumdhihaki Cleon ulikuwa na wapiga kura walewale ambao, muda mfupi baadaye, walimchagua Cleon kuwa jemadari. Walicheka, wakafuta machozi, wakaenda kumpigia kura. Kama umewahi kusikia wazee wa kijiji wakimvunja mbavu diwani wao Jumamosi na kumchagua tena Jumanne, hutashangaa.

Ndiyo maana nakuomba uusome kwa makini mwisho wa Kigogo. Majoka ameandaa mkutano wake. Saa imefika. Waliohudhuria ni wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole, kwa sababu umma umekwenda kwa Tunu, mbele ya soko lililofungwa. Kingi anakataa amri ya kuwapiga watu risasi. Kenga, mdanganyifu kwa jina na kwa kazi, anamgeuka bwana wake. Hakuna mzaha unaotolewa hapo. Hakuna mlevi, hakuna keki. Lakini kila mwaka, darasa linapofika kwa mtawala anayetazama uwanja mtupu huku saa ikisonga, kuna mtu nyuma kabisa anayeanza kucheka peke yake, taratibu, kisha wengine wanafuata.

Msome tena Majoka hapo, kwa sauti, na umpe nafasi ya kunyamaza pale maelezo ya jukwaa yanapomtaka anyamaze. Halafu chukua karatasi uandike kicheko hicho kimetoka wapi, na ni nani safari hii aliyekata keki.